Mgeni wangu hujaza risasi zake mwenyewe na shabaha yake haina mfano. Nami nijifunze?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwindaji bingwa, nafanya kazi kwenye kitalu cha uwindaji huku Liwale. Bunduki yangu ni .375 H&H (Holland & Holland, aina ya risasi kubwa) ya bolti, yaani komeo la kuvuta kwa mkono, ina darubini na kitako cha mbao. Kwa mita 100 risasi zake tatu hutawanyika karibu sentimita 10, siku nyingine zaidi. Msimu uliopita tulipokea mgeni kutoka Marekani mwenye bunduki ya aina hiyohiyo. Siku ya kujaribu bunduki kambini, matundu yake matatu yalifunikwa na sarafu. Akanieleza kwamba risasi zake hazinunui, anajaza maganda upya nyumbani kwake: analainisha shingo za maganda kwa moto, anapima baruti moja moja kwenye mizani, anapima hadi kichwa cha risasi kimekaa kina gani ndani ya ganda. Alipoondoka alitaka kuniachia risasi zilizobaki, nikakataa. Je, nikijifunza ufundi huo bunduki yangu nayo itakaa sawa? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na zile risasi alizotaka kukuachia, maana hilo halingoji. Ulifanya vyema kuzikataa, na sababu ziko mbili.

Ya kwanza ni ya kisheria. Risasi alizoingia nazo mgeni zinahesabiwa kwenye kibali chake, na wewe una leseni yako na risasi ulizonunua kwa njia inayojulikana. Ukikutwa na boksi la plastiki lisilo na risiti wala jina la kiwanda, utaeleza sana na utaeleweka kidogo.

Ya pili ni ya chuma, nayo ndiyo inayoweza kukutoa jicho. Anayejaza risasi mwenyewe huzitengeneza kwa kipimo cha bunduki moja tu, ya kwake. Chemba yako, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, si chemba yake, hata kama mitutu yote miwili imegongwa maandishi yaleyale. Kichwa cha risasi ambacho kwake kimeachiwa nafasi kidogo kabla ya kugusa mwanzo wa mifuo ya mtutu, ile michirizi ya ndani inayokizungusha kichwa, kwako huenda kimeshagusa, na kikigusa shinikizo hupanda. Halafu jiulize alizipima lini. Wengi wao hujaribu risasi zao nyumbani wakati wa baridi, na wapo wanaojaza baruti hadi karibu na ukomo ili wapate kasi. Risasi hiyohiyo ikipigwa Liwale mwezi wa Oktoba, baada ya kuchomwa jua juu ya dashibodi tangu saa nne, inaweza kuvuka ukomo huo, kwa sababu baruti ya moto huungua kwa nguvu zaidi. Kiwango cha juu cha shinikizo kilichowekwa Ulaya kwa .375 H&H ni bar 4,300. Tairi la gari lenu la kuwindia lina bar mbili na ushee. Hicho ndicho kinachoshikiliwa na ganda la shaba na bolti, sentimita chache kutoka kwenye shavu lako.

Waingereza walilijua jambo hili la joto mapema. Risasi yako ilitoka mwaka 1912, ikiwa imejazwa kodaiti, baruti iliyokuwa maarufu kwa kubadilika tabia kwenye nchi za joto. Ndiyo maana risasi nyingi kubwa za wakati ule, .416 Rigby ya mwaka 1911 ikiwa mojawapo, zilipewa maganda mapana na shinikizo la wastani. Baruti za leo zimeboreshwa sana, na ziko zinazotengenezwa makusudi zisijali joto. Lakini wewe hukuwepo mgeni alipochagua yake.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Ni ufundi wa kweli, nami sitaki uudharau. Ila faida yake kubwa inaonekana kwenye umbali ambao wewe hupigi, na tatizo la bunduki yako, kwa maelezo uliyotoa, karibu nina hakika haliko ndani ya ganda. Nikueleze anachofanya mgeni wako, utaona mwenyewe nini kinakuhusu.

Risasi ina vitu vinne: ganda, fataki inayowasha baruti, baruti yenyewe na kichwa. Mwenye kujaza upya anatafuta kitu kimoja katika vyote vinne, nacho ni kufanana. Risasi ya kwanza ifanane na ya hamsini.

Kazi kubwa iko kwenye ganda. Linapopigwa, shaba hutanuka mpaka ikabana kuta za chemba, kisha hurudi nyuma kidogo tu. Ganda lililotoka kwenye chemba yako, kwa hiyo, limeshachukua umbo la chemba hiyo. Mwenye pupa hulirudisha kwenye kalibu na kulikandamiza mpaka likawa na umbo la kiwandani. Mjuzi hulirudisha kidogo tu, bega la ganda likirudi nyuma kama sehemu tano za mia za milimita, basi. Risasi hukaa katikati ya chemba bila kuchezacheza, na kichwa huingia kwenye mifuo kikiwa kimenyooka.

Kwenye .375 H&H hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ganda lake lina mkanda karibu na tako. Kiwandani mkanda huo ndio unaozuia risasi isizame mno kwenye chemba, na mbele yake huachwa nafasi kubwa kidogo. Ukilikandamiza ganda kupita kiasi kila mara, kila mpigo linarefuka palepale mbele ya mkanda, mpaka siku linakatika. Wajuzi huweka kalibu yao ili ganda lizuiwe na bega, mkanda ubaki kama pambo. Maganda hudumu na risasi hunyooka. Hapa nampa mgeni wako heko zote.

Kulainisha shingo kwa moto kuna sababu yake pia. Shaba ikipigwa na kukandamizwa mara nyingi huwa ngumu, na shingo ngumu hukishika kichwa kwa nguvu zisizo sawa: hili limekaza, lile limelegea. Moto wa sekunde chache kwenye shingo na bega hurudisha ulaini. Unaposikia habari hizo usije ukafikiri ganda zima hutiwa motoni kama muhogo wa kuchoma. Tako la ganda lazima libaki gumu, maana ndilo linalobeba zile bar elfu nne. Ganda lililolainishwa takoni ni bomu.

Kwenye fataki hawana mengi. Wanahakikisha zote zimekaa hadi chini, na hawabadilishi aina katikati ya kazi, kwa sababu aina moja huwaka kwa ukali kuliko nyingine na shinikizo hubadilika. Maganda ya kijeshi ya zamani yenye matundu mawili chini ya fataki hawayagusi, yanasumbua kuyatoa fataki.

Baruti ndiyo inayowavutia watu. Kipimo chao ni greni, na gramu moja ina greni 15 na ushee. Mgeni wako huenda anapima hadi sehemu ya kumi ya greni, na wapo wanaoshuka chini ya hapo, punje moja moja kwa koleo ndogo. Ukiona mtu anaongeza punje moja ya baruti kwa koleo unaona hakika ndiyo siri yenyewe. Haya, tupige hesabu. Risasi ya .375 ya kichwa cha greni 300, yaani gramu 19 na nusu hivi, hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde. Sehemu ya kumi ya greni ikizidi au ikipungua, kasi hubadilika kwa kama mita moja kwa sekunde. Tufanye ni makosa makubwa zaidi, mita kumi nzima kwa sekunde, tofauti ambayo si ajabu kuikuta ndani ya boksi moja la kiwandani. Kwa mita 100 tofauti hiyo inashusha au kupandisha tundu kwa milimita mbili tatu. Kwa mita 300 ni karibu sentimita tatu. Ukienda mita 800, wanakoshindania wapiga shabaha wa karatasi na bunduki zao ndefu, tofauti ya mita kumi kwa sekunde inakula sentimita ishirini hivi, nawe umeshatoka kwenye mzunguko wa ushindi.

Sasa niambie, mara ya mwisho mgeni wako alimpiga nyati kwa umbali gani? Miombo ya Liwale haikuoneshi nyati wa mita 800. Unamwona kwenye mita 60, pengine 80, nusu ya mwili ikiwa nyuma ya mti. Palahala au kongoni kwenye mbuga utampata kwa mita 120 au 150. Katika umbali huo, zile saa alizokaa juu ya mizani zimempa milimita chache. Utawanyiko wako ni sentimita kumi. Milimita tatu hazielezi sentimita kumi.

Limebaki la kina cha kichwa. Kichwa kinapotoka kwenye ganda huruka nafasi ndogo kabla ya kushikwa na mifuo, na kila mtutu una nafasi inayoupenda. Mjuzi huipima kuanzia kwenye mgongo wa kichwa, pale kinapoanza kufikia upana wa mtutu. Ncha haiaminiki kwa kipimo. Kisha husogeza mbele au nyuma kidogo kidogo mpaka aone matundu yanakusanyika. Hii inafanya kazi, hasa kwa vichwa vyembamba virefu. Ila kwenye bunduki ya nyati risasi lazima iingie kwenye magazini, na magazini ndiyo huamua urefu kabla wewe hujaamua.

Tena hapa pana mahali ambapo njia za mpiga karatasi na za mwindaji wa nyati zinatengana kabisa, na sijui kama mgeni wako alikugusia. Mpiga karatasi hutaka shingo ikishike kichwa kwa wepesi na ulingano. Wewe unataka kishikwe kwa nguvu, kingo za shingo zikunjwe ndani ya mfuo uliochongwa kwenye kichwa. Sababu ni kishindo. .375 ikipigwa, risasi zilizobaki kwenye magazini hugonga ukuta wa mbele, na kichwa kisichobanwa huzama ndani ya ganda taratibu. Ya tatu au ya nne inaingia chembani ikiwa fupi kuliko ilivyokuwa asubuhi, na shinikizo lake limeshabadilika. Ndivyo ilivyo pia kwa ganda lililobana sana chemba kwa ajili ya kunyooka. Kwenye meza ya shabaha bolti ikigoma kidogo unaisukuma kwa kiganja. Nyati aliyejeruhiwa akikugeukia, bolti iliyogoma ina maana nyingine. Kwa bunduki ya kazi yako, kufunga na kufunguka kwa wepesi kila mara kunatangulia tundu dogo, na mtu asikubabaishe juu ya hilo.

Kwa nini basi matundu ya mgeni yalifunikwa na sarafu? Kwa maoni yangu ni kwa sababu kuu mbili, na zote unaweza kuzipata bila kugusa baruti. Kwanza, alijaribu vichwa vya aina nyingi hadi akapata kimoja ambacho mtutu wake unakikubali, kisha hakukiacha. Hilo peke yake lina thamani kuliko moto na koleo vikiwekwa pamoja. Pili, bunduki yake imekaa sawa kwenye kitako chake, na yeye mwenyewe amepiga risasi nyingi sana kabla ya kupanda ndege.

Pia usibabaishwe na matundu matatu. Matatu yanadanganya. Bunduki ambayo kwa wastani hutawanya sentimita sita inaweza kukupa tatu leo na tisa kesho, pasipo kitu chochote kubadilika. Ukipiga kumi badala ya tatu, upana wa kundi huongezeka kwa zaidi ya mara moja na nusu kwa kanuni za hesabu tu, bunduki ikiwa ileile. Wajazaji wengi, tena hodari, hujidanganya hapahapa: wanapiga tatu kwa kila kipimo cha baruti, wanaona moja imebana, wanasema wameipata. Warudie wiki ijayo, siri imehama. Kwa hiyo sarafu ile uipokee kwa heshima, lakini uliiona mara moja tu.

Najua risasi za .375 ni ghali na huwezi kupiga kumi kila Jumamosi. Iko njia wanayoitumia wawindaji wenye bajeti kama yako. Chukua karatasi moja, andika tarehe. Kila unapopata nafasi ya halali ya kupiga pale kambini, piga risasi moja tu, mtutu ukiwa baridi, kwa mita 100, kutoka juu ya magunia ya mchanga, nyuma ya shabaha pakiwa na kichuguu kikubwa cha kuzuia. Karatasi itoe, itunze, siku nyingine irudishe ileile. Baada ya muda una kundi la kweli la risasi ya kwanza, na risasi ya kwanza kutoka mtutu baridi ndiyo mwindaji anayoitegemea. Mgeni wa meza ya shabaha hana karatasi hiyo.

Sasa bunduki yako. Anza na bisibisi. Kishindo cha .375 hulegeza skrubu za vishikio vya darubini kuliko watu wanavyodhani. Kaza zote, na zile mbili kubwa chini zinazoshika chuma kwenye kitako. Skrubu moja iliyolegea inatosha kabisa kukupa sentimita kumi, na tabia ya "siku nyingine zaidi" uliyoieleza inanifanya nianze kushuku hapo.

Kisha chukua noti ya shilingi elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na mbao ukianzia mbele, uivute kurudi kwenye chemba. Ikipita bila kukwama, mtutu uko huru. Ikikwama upande mmoja, mbao inausukuma mtutu, na unapopata joto husukumwa zaidi. Na hapa kwetu mbao haitulii. Bunduki iliyokaa nyumba ya pwani, Mtwara au Lindi mjini, inanyonya unyevu wa bahari. Ukiipeleka Liwale wakati wa kiangazi inakauka na kujipinda kidogo. Masika inavimba tena. Nimeona bunduki inayopiga vizuri Juni na kukataa Desemba, mwenyewe akailaumu risasi. Dawa yake ni fundi mwenye leseni aondoe mbao inayogusa mtutu na kutandika gundi ngumu ya epoksi pale chuma kinapokaa, ili chuma kirudi mahali palepale baada ya kila kishindo. Ni kazi ya mara moja. Ukitaka kumaliza kabisa, kuna vitako vya faiba visivyojali mvua, ingawa mimi napenda mbao.

Angalia mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia. Mwisho kabisa, pale kichwa cha risasi kinapoachana na chuma, kingo zikiwa na jeraha upande mmoja, gesi hutoka upande huo mapema na kukisukuma kichwa. Majeraha hayo hutoka wapi? Bunduki iliyosimamishwa kichwa chini kwenye sakafu ya gari yenye mchanga, na fimbo ya kusafishia inayoingizwa kutoka mbele. Toa bolti, safisha kutoka nyuma. Na safisha shaba inayoachwa na vichwa vya risasi, maana kutoa masizi peke yake hakutoshi: mtutu uliopigwa kwa miaka bila dawa ya kutoa shaba huwa na utando ndani, mifuo inajaa. Ukiona kitambaa kinatoka na rangi ya bluu au kijani, shaba ndiyo hiyo inayeyuka. Endelea mpaka ikome. Baada ya kusafisha hivyo risasi mbili tatu za kwanza zinaweza kwenda kombo kidogo kabla mtutu haujatulia, usihesabu hizo. Kwa upepo wa chumvi wa pwani, acha mafuta mepesi ndani, uyafute kabla ya kupiga.

Darubini yenyewe inaweza kuwa imekufa ndani kutokana na kishindo, ikiwa nje inang'aa. Kipimo ni kuazima nyingine inayojulikana ni nzima, uifunge, upige.

Halafu kuna mtu aliye nyuma ya kitako. Usinikasirikie. .375 inapiga bega, na mwili hujifunza kuogopa kabla akili haijakubali kwamba unaogopa. Kidole kinavuta, bega linatangulia mbele, jicho linafumba, na yote hayo huisha ndani ya muda ambao wewe mwenyewe huuoni. Mwambie mwenzako akuwekee risasi chembani, mara ya kweli, mara ya mazoezi isiyo na baruti wala fataki hai, wewe usijue ipi. Mtutu ukiruka kwenye ile isiyo na baruti, umejua sehemu ya zile sentimita kumi inatoka wapi. Wawindaji bingwa wengi hawataki jaribio hili mbele ya watu. Lifanye na mtu mmoja unayemwamini.

Ukishamaliza hayo ndipo uje kwenye risasi, na hapo upo ufundi wa mgeni wako unaoweza kuupata dukani. Nunua boksi moja moja la aina tatu au nne za kiwandani, zenye vichwa vya uzito na umbo tofauti, kadiri leseni yako inavyoruhusu. Usichanganye. Piga kila aina kwa utaratibu uleule, mtutu ukipoa katikati. Utashangaa: bunduki moja inaweza kutawanya sentimita nane na aina hii na nne na aina ile, pasipo sababu unayoweza kuiona kwa macho. Unapokuta inayokubalika, soma namba ya lot, yaani kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja, iliyogongwa kwenye boksi. Kiwanda hubadilisha baruti kutoka lot hadi lot, jina la boksi likibaki lilelile, kwa hiyo unapoongeza nunua lot hiyohiyo.

Kwa .375 ya kiwandani iliyokaa sawa, tegemea sentimita tatu hadi tano kwa mita 100 kwa matundu matatu. Kwa nyati, ambaye eneo la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 25 au zaidi, hata utawanyiko wako wa sasa haukufanyi mkosaji kwenye mita 60. Unakukosesha kwenye pala wa mita 150, ambako kumi zinakuwa kumi na tano.

Kuhusu kujifunza kujaza. Huku kwetu tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi si jambo la mtu kujiamulia nyumbani kwake. Anayetia fataki, baruti na kichwa kwenye ganda tupu anatengeneza risasi, aite jina lolote. Kwa hiyo usipokee kalibu, fataki wala kopo la baruti kutoka kwa mgeni, hata kama ni zawadi ya moyo safi, kabla hujapata jibu la maandishi kutoka kwa polisi wanaoshughulikia leseni za silaha. Marekani mtu hujaza risasi za matumizi yake bila leseni ya pekee. Afrika Kusini mwenye leseni ya bunduki huruhusiwa kujijazia kwa masharti ya kule. Ukipata msimu wa kazi huko, kaa na mtu anayejua, akuoneshe kwa macho. Ufundi huu haujifunzwi kwa kusoma jibu langu, nami kwa makusudi sijakupa kipimo hata kimoja cha baruti.

Neno moja kwa wenzako wa vijijini, kwa kuwa najua mtakuwa mnazungumza haya. Kusini tuna magobore mengi, na gobore nalo hujazwa kwa mkono. Asitokee mtu akafungua risasi ya kisasa, akamimina baruti yake kwenye gobore. Gobore lilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya moshi, inayosukuma taratibu. Baruti isiyo na moshi, aliyoigundua Mfaransa Vieille mwaka 1884, hupandisha shinikizo ambalo bomba la gobore haliwezi kulibeba. Linapasuka mkononi.

Zile risasi za kiwandani utakazochagua, zitunze kwenye sanduku la chuma lenye mpira wa kuzuia hewa, uweke na vifuko vya kunyonya unyevu. Siku ya kazi zibebe kwenye mkanda au mfukoni, kivulini. Zikisahaulika kwenye dashibodi, ziache zipoe kabisa kabla ya kuziingiza, na bolti ikiwa ngumu kufunguka baada ya risasi moja, acha kupiga hapohapo. Niandikie baada ya kukaza skrubu na kupitisha ile noti. Uniambie imekwama wapi, upande wa kulia au wa kushoto, na sentimita ngapi kutoka mwisho wa mbao.